Milioni saba na fulana sabini: kisa cha mfuko wa kumbukumbu wa Mikindani

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kamati za familia zinazotaka kuchangisha fedha za utafiti kwa jina la marehemu wao. Familia haina jina na hesabu zake ni za mfano. Ugonjwa, kazi ya maabara na taratibu za vibali ni kama zilivyo.

Tuanze na daftari. Ni kaunta buku ya msibani, jalada gumu, safu tatu zilizopigwa kwa rula: jina, kiasi, maelezo. Kurasa tisa za mwanzo ni rambirambi kwa mwandiko wa mzee wa jirani: elfu mbili, elfu tano, "mchele kilo 10", "kuni mzigo 1". Ukurasa wa kumi unaanza kwa kalamu nyekundu na kichwa kipya: MCHANGO WA UTAFITI. Kati ya ukurasa wa tisa na wa kumi hakuna jumla, hakuna mstari wa kufunga hesabu, hakuna sahihi. Karibu kila ugomvi wa mwaka uliofuata ulianzia kwenye mstari huo ambao haukupigwa.

Marehemu alikuwa kijana wa miaka 17, kidato cha tatu, beki wa kushoto wa timu ya mtaa hapo Mikindani, mkoani Mtwara. Mwezi Machi goti la kushoto lilianza kumuuma. Wote walisema ni teke la mpira, na kwa beki nani angewaza vingine? Lakini maumivu ya teke hupungua mtu akipumzika. Haya yalimwamsha usiku, hata wiki ambazo hakugusa mpira. Alikandwa kwa maji ya moto, akachuliwa na fundi wa viungo kwa majuma matatu, uvimbe ukazidi kupanda juu ya goti. Zahanati ilimpa vidonge vya maumivu mara mbili. Eksirei ya kwanza ilipigwa Julai, na kinyama cha kupima kilitolewa Agosti. Jibu la kwanza lilirudi Septemba likisema sampuli haitoshelezi, kikatolewa kinyama kingine, na jina la ugonjwa likajulikana Novemba: osteosarkoma, saratani ya mfupa. Kipimo cha CT cha kifua kikaonyesha vinundu kwenye mapafu. Alifariki Mei ya mwaka uliofuata.

Osteosarkoma hupenda umri wa kurefuka, kati ya miaka 10 na 25, na hupenda kukaa karibu na goti: mwisho wa chini wa mfupa wa paja au kichwa cha juu cha mfupa wa muundi. Ni nadra. Katika nchi zenye rejista nzuri huonekana kwa watu watatu hadi wanne katika kila milioni kwa mwaka. Ulaya saratani huitwa nadra ikiwa wagonjwa wapya hawafiki sita kwa watu laki moja kwa mwaka, na hii iko chini sana ya hapo. Mganga wa zahanati anaweza kustaafu bila kuiona hata moja, kwa hiyo vidonge vile vya zahanati visimshangaze mtu sana. Inayouma zaidi ni miezi mitatu iliyopotea kati ya sampuli ya kwanza na jibu la pili. Tutairudia, kwa sababu hapo ndipo fedha ndogo zingeweza kufanya kazi kubwa.

Lingine la kuwekwa wazi ni uamuzi wa mguu. Daktari alipotaja kukata, familia iliomba kwenda kushauriana. Huku Kusini, kwa familia nyingi za Kimakonde, Kimwera na Kimakua, neno la mjomba lina uzito kuliko la baba, na mjomba alikuwa shambani Newala. Zikapita wiki tano. Hospitali iliyozoea kumweka baba peke yake kwenye fomu ya ridhaa haimuulizi mama ana kaka yupi. Swali hilo moja lingeandikwa kwenye faili siku ya kwanza, mjomba angepigiwa simu siku hiyohiyo.

Neno "utafiti" liliingiaje? Rafiki mmoja wa marehemu alikuwa amesikia habari za Terry Fox. Kijana huyo wa Canada alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa ugonjwa huuhuu. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, akakimbia siku 143 na kilomita 5,373, mpaka saratani ilipoonekana mapafuni. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Alikuwa ameomba dola moja kwa kila Mcanada, na kufikia Februari 1981 zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 24. Mbio za kumkumbuka hazina mshindi wala zawadi. Vijana wa Mikindani walilichukua wazo hilo la mwisho na walifanya vyema: matembezi ya kilomita 10 kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, bila medali, bila kushindana. Kile ambacho hawakukiuliza ni fedha ziende kwa nani, zifanye nini.

Bango lilisema "Changia utafiti wa saratani ya mifupa". Siku linabandikwa hakukuwa na mtafiti, taasisi, barua ya makubaliano wala swali la utafiti. Kulikuwa na namba ya simu ya binamu. Si kwamba binamu alikula. Hakula. Lakini fedha zilizoingia kwenye laini ya mtu ni fedha za mtu: ada ya kutoa inakatwa kwake, laini ikifungiwa zimefungiwa naye, na akifa ni mirathi. Ilichukua wiki sita kuzihamishia kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa. Benki ilitaka muhtasari wa kikao wenye majina na sahihi pamoja na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Karatasi hizo mbili huandikwa mchana mmoja. Ziandikwe kabla ya bango.

Hesabu ya mwaka wa kwanza ilikuwa hivi. Matembezi: watu 312, kila mmoja 10,000, jumla 3,120,000. Fulana zilichapwa 200 kwa 9,000 kila moja, yaani 1,800,000. Zikauzwa 130 kwa 15,000, yaani 1,950,000. Faida ni 150,000, na fulana 70 zenye picha ya marehemu zimo kwenye kiroba chumbani kwa mama yake. Michango ya simu ilifika 1,460,000. Wakulima kupitia AMCOS tatu (vyama vya msingi vya ushirika) waliahidi 6,000,000 na zikaingia 3,870,000. Jumla ya kuingia, ukihesabu faida tu ya fulana, ni 8,600,000. Maji, gari la wagonjwa, vipaza sauti na ulinzi wa barabarani vilikula 1,240,000. Zikabaki 7,360,000.

Fulana ndizo mtego wa kwanza wa kamati zote za namna hii. Zinaonekana kama mapato kumbe ni mtaji. Chapa idadi iliyokwisha kulipiwa, ongeza kumi, basi. Na picha ya marehemu isiwekwe kwenye nguo. Baada ya mwaka inakuwa tambara la kupigia deki bodaboda, na mama anaiona.

Mtego wa pili ni kalenda. Matembezi yalifanyika Agosti, na Agosti Mtwara mfuko mtupu: korosho bado ziko juu ya mti, minada huanza Oktoba, na fedha humfikia mkulima wiki kadhaa baada ya mnada kupitia benki. Ahadi za Agosti ni za moyo tu. AMCOS moja ilishindwa kabisa kulipa kwa sababu mwenyekiti wake aliahidi makato ya shilingi 10 kwa kilo akiwa jukwaani, bila mkutano mkuu wa wanachama kukaa na kupitisha. Wanachama waligoma, na walikuwa na haki: makato ya mkulima hayapangwi na mwenyekiti akiwa ameshika kipaza sauti. Kama mchango unapitia ushirika, hoja iingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu kabla ya msimu, iandikwe kwenye muhtasari, afisa ushirika aione. Na watu watembee katikati ya Novemba, mvua kubwa hazijakolea na fedha za mnada wa kwanza zimeshaanza kuonekana mitaani.

Ndani ya zile 1,460,000 za simu kulikuwa na 500,000 za mfanyabiashara mmoja aliyeandika "zaka". Imamu ndiye aliyezuia, na alikuwa sahihi kuuliza. Zaka ina makundi manane ya watu yaliyotajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60, na karatasi ya utafiti haimo kwa wepesi. Masikini anayehitaji nauli ya hospitali yumo. Fedha ile ikahamishiwa huko kwa ridhaa ya mtoaji, kwa ujumbe wa maandishi uliotunzwa. Sadaka ya kawaida haina kikwazo hicho, na wengi waliotoa kwenye hitima walinuia sadaka ya kuendelea. Vizuri, ila bahasha ya hitima na sanduku la utafiti visikae meza moja.

Sasa swali lenyewe. Milioni saba na ushee zinanunua utafiti gani?

Hazinunui dawa mpya, na kamati iliambiwa hivyo bila kuzunguka. Kabla ya tibakemikali, yaani dawa za kuua saratani, waliokatwa mguu peke yake wengi walirudiwa na ugonjwa mapafuni na chini ya mmoja kati ya watano ndiye aliyebaki. Miaka ya 1980 Marekani waligawanywa kwa bahati nasibu wagonjwa 36 tu: baada ya miaka miwili asilimia 66 ya waliopewa dawa baada ya upasuaji hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 17 ya wasiopewa. Watu 36 walitosha kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa kama usiku na mchana. Tofauti zilizobaki ni ndogo. Jaribio la EURAMOS-1 lililoanza mwaka 2005 lilihitaji nchi 17 na wagonjwa 2,260 ili kujua kama kuongeza dawa mbili, ifosfamidi na etoposidi, kungewasaidia ambao uvimbe wao haukuitikia vizuri matibabu ya awali. Jibu lilikuwa hapana. Dawa za msingi mpaka leo ni zilezile tatu za enzi hiyo: metotreksati ya dozi kubwa, doksorubisini na sisplatini. Hiyo ya kwanza inataka maabara inayopima kiwango chake kwenye damu kila siku, vinginevyo inaua figo, na hospitali nyingi za nchi zetu zinaiacha kwa sababu hiyo.

Kupeleka milioni saba, ambazo ni chini ya dola 3,000, kwenye jaribio la aina hiyo si kosa, ni kumwaga ndoo Bahari ya Hindi. Lipo swali ambalo hakuna mtu wa Ulaya atakayelijibu kwa niaba yetu: mtoto wa Mtwara au Lindi mwenye uvimbe wa mfupa anapoteza siku ngapi, na wapi, kabla ya kupata jibu? Watu wa huku hawahitaji kufundishwa maana ya swali kama hilo. Mikorosho ilipopata ubwiri unga, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele hawakuanza kwa kubuni dawa. Walikwenda shambani kuhesabu mti upi, mwezi gani, ua au jani, ndipo salfa ikajua ipulizwe lini.

Njia ya kulipa utafiti wa namna hiyo ipo na watu wengi hawaijui. Madaktari wanaosomea ubingwa katika vyuo vya afya vya Tanzania wanatakiwa kuandika tasnifu, na wengi hujilipia ukusanyaji wa takwimu mfukoni. Anachagua mada anayoimudu, na mada ya ugonjwa nadra inayodai safari za Mtwara, Lindi na Ndanda haimudu. Ruzuku ya shilingi milioni nne inabadilisha uamuzi huo. Kamati ikaandikia idara ya chuo, si daktari binafsi, ikitaja swali lake kwa sentensi moja na kiasi cha fedha. Mgawo ukawa huu: ruzuku 4,200,000, vifaa na usafirishaji wa sampuli 1,100,000, nauli za wagonjwa 1,500,000 kwenye daftari lake lenyewe, akiba ya gharama za benki na ukaguzi 560,000.

Ruzuku hailipwi kwa mkupuo. Asilimia 40, yaani 1,680,000, hutoka kibali cha maadili kikionekana kwa macho. Asilimia 40 nyingine hutoka takwimu zikikamilika. Asilimia 20, yaani 840,000, husubiri tasnifu iliyopita pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosomeka na mwenyekiti wa kijiji. Hicho kipande cha mwisho ndicho wanachokitoroka, kwa hiyo kisiwe kidogo mno. Kibali hutolewa na kamati ya maadili ya chuo au ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kama kungekuwa na dawa ya kujaribiwa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nayo ingehusika; kama vinyama vingepelekwa nje ya nchi, kungehitajika mkataba wa uhamishaji wa sampuli. Kazi hii haina moja wala jingine, ndiyo maana inawezekana kwa mwaka mmoja.

Takwimu zenyewe ni chache kwa makusudi. Kwa kila faili: tarehe ya dalili ya kwanza, tarehe ya kufika kituo cha kwanza, ya eksirei ya kwanza, ya kinyama, ya jibu, ya kuanza matibabu, kama alikataa au kuahirisha kukatwa na nani aliamua, hali yake miezi 12 baadaye. Kamati ilitaka kuongeza maswali ya chakula na maji ya visima. Walishauriwa waache. Faili hazina habari hizo, na safu tupu hudanganya kuliko safu isiyokuwepo.

Zile 1,100,000 za vifaa zinaweza kuonekana matumizi ya ovyo, mpaka urudi kwenye miezi mitatu iliyopotea. Sampuli ya kwanza ya kijana iliwekwa kwenye kichupa cha mdomo mwembamba, ikasukumwa kwa kibanio, ikafunikwa kwa majimaji kidogo. Kinyama kinataka formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa isiwe na tindikali, yaani sehemu moja ya formalini kali kwa tisa za maji pamoja na chumvi zake, na ujazo wake uwe mara kumi ya kinyama. Kiingie humo ndani ya saa moja baada ya kutolewa. Kwenye maji ya dripu kinaoza polepole. Kwenye spiriti kinakakamaa na kusinyaa. Chupa iwe ya plastiki, mdomo mpana, mililita 60 au zaidi. Lebo ibandikwe ubavuni, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana maabara. Jina, namba ya faili, upande wa mwili, saa. Chupa hufungwa kwenye mfuko, mfuko kwenye mfuko mwingine wenye pamba, kisha kwenye kasha gumu, kwa safari ya kilomita 560 hivi hadi Dar es Salaam. Fomu hukaa nje ya mfuko wa ndani. Formalini ikivuja ikailowesha, wino unaondoka na jina pamoja nao.

Kwa mfupa kuna la ziada. Ili ukatike kwa kisu cha maabara lazima uondolewe chokaa, na tindikali kali inayofanya kazi hiyo haraka huharibu chembe za urithi. Atakayetaka kuzisoma miaka mitano baadaye atakuta majivu. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuweka mfupa kwenye tindikali, chagua vipande laini vya uvimbe, vitie kwenye kibloku chao bila kuviondoa chokaa. Kwa vilivyobaki tumia kemikali ya EDTA kuondoa chokaa, ambayo ni ya polepole lakini haiharibu. Vibloku hivyo vya nta hukaa miaka mingi kwenye kabati kavu lenye ubaridi, si stoo ya bati la Mtwara inayowaka mchana kutwa. Na kinyama kitolewe na daktari atakayefanya upasuaji, au kwa maelekezo yake, kwa mkato unaofuata urefu wa mguu. Njia ile ya sindano au kisu huondolewa baadaye pamoja na uvimbe; mkato ukiwa wa upana, mguu ambao ungeokolewa unaweza kukatwa.

Mjumbe mmoja alipendekeza kuanzisha taasisi. Inawezekana: wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, shirika husajiliwa kwa Msajili chini ya sheria ya mwaka 2002, na kila mwaka hudaiwa taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Mfuko wa milioni saba hauna nguvu ya kubeba hayo. Kamati ya watu watano yenye akaunti na mkataba wa kurasa mbili na chuo inatosha kwa miaka mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo, kama bado watu wanakuja, wazungumze.

Limebaki suala la jina. Familia ilitaka utafiti uitwe kwa jina la kijana, na hilo halina shida kwenye ruzuku: jina huandikwa kwenye mkataba na kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu. Kwenye jedwali haiwezekani. Kila mgonjwa hupewa namba, na ufunguo wa namba hukaa kwenye kabati la mtafiti peke yake. Ndivyo kamati ya maadili inavyotaka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mama alipooneshwa rasimu aliuliza mstari upi ni wa mwanawe. Mtafiti alimjibu kwamba hata yeye, akiwa na karatasi ile mkononi, hapaswi kumwambia. Mama akapitisha kidole kwenye safu ya umri, akasimama kwenye 17. Ziko tatu. Akaziangalia zote, akarudisha karatasi.

Daftari la mwaka wa pili limeanza upya. Ukurasa wa kwanza una salio la 560,000, sahihi mbili na mstari wa chini uliopigwa kwa rula. Zile fulana 70 zimegeuzwa nje ndani, zikachapwa namba mgongoni, zikapewa timu ya mtaa za mazoezi.